Vita vya Vidonge vya Jua

Mama Kokoto alimvunja mumewe taya asubuhi moja, kwa ngumi moja, mbele ya birika la chai. Hakukusudia kuvunja. Alikusudia tu kumsimamisha, kama mtu anavyoweka jiwe nyuma ya gurudumu ili lori lisiserereke. Lakini mkono wake ulikuwa umeponda mawe tangu hajaolewa, na mkono wa namna hiyo haujui kupiga kidogo.

Mume alikuwa dereva wa lori la mchanga. Mtu mrefu, mcheshi barabarani, simba nyumbani. Alimpiga mkewe akiwa amelewa na akampiga akiwa na akili zake. Alimpiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa kiatu, na siku moja alimshika shingo akamgongesha kwenye mlango mpaka sikio la kushoto likaacha kusikia. Kule machimboni, wanawake wenzake walimwuliza uso una nini, naye akajibu jiwe limemrukia.

"Jiwe gani hilo," wakamwuliza, "linalolijua jicho lile lile kila wiki?"

Walicheka, naye akacheka, kisha wote wakainama kuponda. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Asubuhi anaponda, jioni anapondwa.

Siku ya taya, mume alikuwa amemkamata binti yao nywele, anamburura toka jikoni kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Mama Kokoto aliona miguu midogo ikisuguka sakafuni. Hakumbuki aliinukaje. Anachokumbuka ni mlio, kama kuni kavu, na mume yuko chali, meno mawili yameelea kwenye damu, anakodoa macho juu kama anayesoma kitu kilichoandikwa darini. Alipotoka hospitali hakurudi tena. Alioa kwingine, na inasemekana huko hakuthubutu kuinua hata sauti.

Majirani walimsifu Mama Kokoto mpaka wakachoka. Lakini yule binti aliyeokolewa alikuwa amejificha uvunguni, na mama alipoinama kumtoa, mtoto alijikunja akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili. Alidhani sasa ni zamu yake. Vipigo vyote vya mume havikumwuma mama kama jambo lile. Akaapa palepale, akiwa amepiga magoti, kwamba mkono wake hautamgusa tena mwanadamu kwa ubaya.

Akakishika kiapo hicho hadi nywele zikawa nyeupe.

Mawe hayamwachi mtu hivi hivi. Vumbi alilolivuta ujanani lilimkaa kifuani, na kila baridi ilipoingia, kikohozi kilimkamata kama mgambo anavyomkamata mchuuzi. Mwaka mmoja kichomi kilimlaza nusu ya kufa. Binti, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye kazi kwenye treni za masafa marefu, leo yupo, kesho yuko mbali, hakuwa na wa kumwachia mama mgonjwa. Akampeleka kwenye nyumba ya wazee. Njia nzima waliongea mambo ya hali ya hewa. Siku zote ndivyo walivyoongea, kwa heshima na kwa umbali, kama wageni wawili waliogawana benchi.

Ile nyumba zamani ilikuwa ghala la saruji. Kuta nene, madirisha juu kabisa karibu na bati, bweni la wanawake upande huu na la wanaume upande ule, na katikati ukumbi wa kulia wenye meza ndefu za mbao. Kulikuwa na ua mzuri nyuma, wenye nyasi na viti, lakini mlango wake ulifungwa kwa kufuli tangu mzee mmoja alipopotea kupitia huko akagongwa na gari. Metroni, msimamizi wa nyumba, mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni, alisema bora wazee wachakae ndani kuliko wasagwe nje. Kwa hiyo jua waliliona likipita ukutani, kipande kama shuka, na wenye nguvu walisogeza viti kulifuata.

Aliyemkaribisha bwenini alikuwa kibibi kidogo, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na wote walimwita Sindano, kwa umbo lake na kwa mdomo wake.

"Wewe ni nani?" Sindano aliuliza.

"Wananiita Mama Kokoto."

"Basi vizuri. Saruji ilitoka humu, sasa kokoto imeingia. Bado mchanga tu, tujenge."

Mama Kokoto alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile wakawa chanda na pete. Sindano hakuwahi kuolewa. Alisema wanaume aliwapima wote, hakuna aliyemwenea. Alimwita mwenzake "dada," naye akaitwa "mdogo wangu," ingawa kwa miaka walikuwa wamepishana kidogo tu. Sindano alikaa upande wa sikio zima, akisimulia, na Mama Kokoto alimsaidia kupanda kitanda kwa kumbeba kwapani kama mtu anayebeba mwavuli.

Baridi ya mwaka ule wa kwanza ilikuja na mafua. Yalianza kwa mpishi, yakaruka kwa mzee mmoja wa bweni la wanaume, kisha yakasambaa kama moto wa nyasi. Kwa kijana, mafua ni leso na malalamiko. Kwa mzee ni jambazi mwenye shoka. Walikaa kwenye vitanda wamejishika mbavu, wanakohoa mpaka mishipa ya shingo inasimama, wengine wanatema damu, wengine wanagombania hewa kwa vidole kama watu wanaopanda kamba. Vitanda vikaanza kubaki wazi. Upande wa wanaume, mzee mmoja aliyelala katikati alishuhudia wa kulia kwake akifa, kisha wa kushoto.

Huyo wa katikati alikuwa Afande. Aliwahi kuwa mlinzi mkuu wa kiwanda, na kabla ya hapo askari jela. Mtu wa mabega mapana bado, mwenye bakora yenye kichwa cha chuma, aliyezoea kwamba akikohoa yeye, wengine wanyamaze. Baada ya baridi ile alibadilika. Akawa anakaa peke yake amejishika kifua, anasikiliza pumzi zake mwenyewe kama anayesubiri mwizi.

Ndipo alipokuja daktari wa utafiti, dada mwembamba aliyemwamkia kila mtu kwa adabu, kuanzia kichwa cha meza hadi mwisho. Aliwaeleza ukumbini kwamba kuna vitamini inayoitwa D, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe ngozi inapopigwa na jua. Ngozi ya mzee hutengeneza kidogo, na mzee asiyetoka nje hutengeneza kidogo zaidi.

"Kuna waliochunguza," alisema, "wakaona vitamini hii inakinga kifua cha mzee kisishambuliwe na mafua na kichomi. Na kuna waliochunguza wasione kitu. Ndiyo maana tunataka kujua. Anayekubali atapewa kidonge kimoja kila wiki. Vya nusu yenu vitakuwa na vitamini. Vya nusu nyingine vitakuwa na mafuta ya kawaida tu, yasiyo na dawa."

"Nani atapewa nini?" aliuliza Kinyozi, mzee mpole aliyekuwa bado ananyoa wenzake ndevu.

"Sijui, babu. Nesi hajui. Wewe hutajua. Tukijua, tutapendelea."

"Kwa hiyo mimi naweza kumeza mafuta ya kukaangia mwaka mzima, nikashukuru?"

"Unaweza," alisema daktari, na hakucheka.

Karibu wote walikubali. Hata kama kidonge si kitu, kilikuwa jambo jipya, na humo ndani jambo jipya lilikuwa adimu kuliko nyama. Wakaviita vidonge vya jua. Kila Jumamosi asubuhi nesi alipita na trei, akaweka mbele ya kila kikombe cha chai kifuniko kidogo cha plastiki chenye kidonge cha rangi ya asali. Kisha alikimbilia kwa wagonjwa wa kitandani, maana nesi alikuwa mmoja na wazee tele.

Afande alikaa akapiga hesabu yake. Ukimeza kimoja, huenda umemeza mafuta. Ukimeza vya meza nzima, lazima cha kweli kimo. Kwa hesabu, hakuna mwalimu ambaye angemkosoa.

Alianza kwa kuomba. Kisha akawa anaonyesha kwa bakora bila kusema. Jumamosi moja Kinyozi alifunika kidonge chake kwa kiganja, akasema, "Na mimi nina kifua, Afande." Bakora ilishuka. Kichwa cha chuma kilitua juu ya vidole vya Kinyozi, na ukumbi mzima ukasikia. Kinyozi alipiga yowe jembamba, la mtoto. Afande aliinua kile kiganja kilichopondeka, akachukua kidonge kilichobanwa chini yake, kimepasuka, kinachuruzika mafuta na damu, akakitia mdomoni akalamba na vidole.

Nesi alipouliza, Kinyozi alisema amebanwa na mlango. Mama Kokoto alisikia. Aliujua mlango huo.

Tangu hapo walitoa wenyewe. Afande alipita nyuma ya viti kama mkusanya sadaka, na mikono iliyokauka ilimnyooshea vifuniko.

Sindano alikataa. "Mimi nimetoboa vidole vyangu maisha yangu yote kwa ajili ya nguo za watu," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Leo nikupe na mapafu?" Akakitupa kidonge mdomoni. Afande akamshika mashavu kwa mkono mmoja, akambana mpaka mdomo ukafunguka, akaingiza kidole. Sindano akauma. Aliuma kwa meno yote aliyobakiwa nayo, ambayo hayakuwa mengi lakini yalikaa mahali pazuri, na Afande akaunguruma. Kisha akamzaba kofi. Miwani iliruka. Sindano alianguka toka kwenye kiti kama nguo inayodondoka kutoka kambani.

Mama Kokoto alikuwa amekaa hatua moja tu kutoka pale. Mikono yake alikuwa ameikalia, kabisa, chini ya mapaja.

Alimwinua mwenzake, akamwosha damu puani. Walipofika bwenini, Sindano alimgeukia.

"Dada," akasema, "hiyo mikono yako ni ya mapambo?"

"Niliapa, mdogo wangu." Akamweleza habari ya taya na ya binti aliye uvunguni. Hakuwahi kumweleza mtu.

Sindano alisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi. "Basi kaa nacho kiapo chako," alisema. "Lakini mimi si Mungu wako. Nina shavu moja limevimba, na jingine linangoja."

Miezi ikapita hivyo, na kitu kikaanza kumwingia Afande. Alipata kiu isiyozimika. Alikunywa jagi la meza, akanywa na la meza ya pili, akaonekana ameinamia bomba la kufulia ananyonya maji kama ng'ombe, kisha anakimbilia chooni bila kuwahi. Alitapika. Alikonda, mabega yakabaki kama kitundikio cha koti. Akawa anaongea na waliokufa, anawaamuru wasimame mstari. Siku nyingine alimpiga teke mzee kiziwi kwa kosa la kutojibu. Siku nyingine alivunja kioo cha choo kwa bakora, akisema kuna mtu amejificha humo anamwibia pumzi. Metroni alisema ni uzee. Wazee walisema ni dhambi za jela zinamrudia. Hakuna aliyefikiri vidonge, maana nani amewahi kusikia mtu amelewa jua?

Naye kila Jumamosi aliendelea kuvikusanya.

Jumamosi mambo yalipochacha, baridi ilikuwa imeanza kunusa mlangoni na wawili watatu walikuwa wameshaanza kupiga chafya. Nesi alipita na trei, akatoka. Sindano, haraka kama panya, akameza chake kabla kifuniko hakijatulia, akanywa chai juu yake, akafungua mdomo kumwonyesha Afande ulimi mtupu.

"Kimeshafika tumboni," alisema. "Kifuate."

Afande alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa yanamwona yeye. Akaitupa bakora, na hapo ndipo watu walipoogopa kwelikweli. Akamkamata Sindano koo kwa mikono miwili, akamnyanyua kutoka kitini.

"Tapika," alisema. "Kitapike. Mnaniua. Mnaniua nyie."

Miguu ya Sindano ilikuwa inasuguka sakafuni. Kiatu kimoja kilimvuka. Uso ukawa wa zambarau, ulimi ukatoka, na sauti aliyoitoa haikuwa sauti ya mtu. Kinyozi alimng'ang'ania Afande mgongoni kwa mkono wake mzima, akatikiswa akaanguka. Mwingine alipiga kelele kumwita nesi.

Mama Kokoto aliinuka.

Ngumi ya kwanza ilimpata Afande chini ya sikio. Mikono ikaachia, Sindano akaporomoka. Afande akageuka na kumrukia, akampiga kichwa cha uso, na Mama Kokoto akahisi pua yake ikipasuka na damu ya moto ikimjaa mdomoni. Zamani angeinama. Sasa alimshika ukosi, akamvuta karibu, akampiga mbavuni, mara mbili, kwa ule mpigo mfupi wa kuvunja jiwe unaotoka begani na si kwenye kiwiko. Kitu kiliachia ndani. Afande alirudi nyuma, akajikwaa kwenye benchi, akaanguka kwa ubavu juu ya saruji, na nyonga ikalia.

Hapo ingetosha. Lakini alimfuata. Alimkalia kifuani, akampiga usoni, akampiga tena, na kila ngumi ilikuwa na anwani yake: hii ya mkanda, hii ya mlango, hii ya sikio, hii ya miguu midogo ya mtoto. Alijisikia mwepesi. Kusema kweli, alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa miaka mingi, na hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye. Nesi na mpishi ndio waliomtoa, mmoja kila mkono, naye akawaburura wote wawili mpaka ukutani.

Afande alipelekwa hospitali, na polisi wakafika. Askari aliuliza ni nani ameona kilichotokea. Ghafla ukumbi mzima ukawa na mtoto wa jicho. Hakuna aliyeona kitu, wala aliyesikia, na Kinyozi alisema kwa upole kwamba labda Afande amebanwa na mlango.

Metroni hakuhitaji shahidi. Alimpigia simu binti. "Mama yako ni hatari," alisema. "Njoo umchukue."

Binti alikuja moja kwa moja kutoka stesheni, bado amevaa sare. Alimkuta mama ameketi kitandani, pua imefungwa bandeji, mkono wa kulia umevimba kama mkate. Aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ungemuua?"

"Ningemuua. Wasingenishika, ningemuua." Mama Kokoto hakuinua uso. "Kama unaniogopa, mwanangu, una haki. Hata mimi leo nimejiogopa."

Kitanda cha pili, Sindano alijikokota akaketi. Shingoni alikuwa na alama za vidole, nyeusi, zimepangana kama vifungo. Sauti ilikuwa imebaki upepo tu. "We binti," alisema, "mimi ndiye niliyekuwa nikifa. Ukimlaumu, unilaumu na mimi kwa kuwa hai."

Binti alizitazama zile alama. Akaenda akalowesha kitambaa, akaketi chini karibu na miguu ya mama yake, akauchukua ule mkono uliovimba akaufunga polepole, kidole kwa kidole. Mama alikuwa hajashikwa mkono na mwanawe tangu mtoto ana meno ya utoto. Hakuthubutu hata kuusogeza.

"Nilikuwa mdogo," binti alisema. "Niliona tu mkono. Sikuona ulikuwa unamzuia nani."

Kisha akaenda ofisini kwa metroni, akafunga mlango. Kilichosemwa humo hakijulikani, ila sauti ya mtu aliyezoea kutuliza behewa lililojaa walevi ilisikika hadi jikoni, na Mama Kokoto hakufukuzwa.

Siku chache baadaye yule daktari alirudi kutoka hospitali, uso umesawijika. Aliwaambia ukweli bila kuupaka sukari. Damu ya Afande ilikuwa imejaa madini ya kalisiamu. Vitamini D ikiwa ya kiasi hujenga mifupa. Ikizidi sana, kwa muda mrefu, huimwaga kalisiamu kwenye damu mpaka figo zinasagika, mtu anakufa kiu, anatapika, akili zinaruka.

"Ule wazimu?" aliuliza Kinyozi.

"Kiasi kikubwa ni vidonge, babu. Tulipaswa kuwamezesha mbele ya macho yetu. Tuliviacha mezani." Daktari alilia pale pale mbele ya vikombe, na hakuna aliyemwambia basi. Tangu siku ile kila mmoja alimeza nesi akimtazama, akafungua mdomo kama anayekaguliwa mahabusu. Na wakaguzi waliokuja baada ya hapo wakaamuru kufuli ya ua ifunguliwe. Wazee walitoka wakipepesa macho, na kabla ya saa sita wawili walikuwa wameshagombana kwa kiti chenye jua zuri.

Kwa Sindano, ule ua ulichelewa. Baridi iliingia kwa kishindo, na mafua nayo. Koo lililokabwa halikuwa limepona sawasawa. Yalimshukia kifuani mara moja. Wakamletea dawa za sindano, wakamletea mtungi wa oksijeni. Kichomi kilimkunja kama mtu aliyechomwa kisu na mwenye kisu anakizungusha. Nesi alimwonyesha Mama Kokoto namna ya kumsaidia: umkalishe ameegemea mbele, ukunje kiganja kiwe kama kikombe, umpigepige mgongoni, chini kupanda juu, makohozi yalegee yatoke.

Mama Kokoto aliogopa. Ule mgongo ulikuwa mifupa mitupu. Aligusagusa tu.

"Dada, piga," Sindano alinong'ona. "Usinipapase kama hariri. Mimi ni kitambaa cha magunia."

Alipiga. Alipiga siku nzima, na siku iliyofuata, akipokea makohozi yenye rangi ya kutu kwenye kopo, akimfuta mdomo. Mchana wa jua, mlango wa ua ukiwa wazi, Sindano alimwegemea kifuani, akavuta pumzi moja yenye mlio, akaitoa, na nyingine hakuivuta. Mama Kokoto aliendelea kupigapiga mgongo ule mpaka nesi alipomshika mkono.

Baridi ilipokwisha, utafiti nao ukafika mwisho. Daktari alirudi ukumbini kuwaeleza majibu, maana aliahidi. Walikuwa wamechunguza nyumba nyingi za wazee, si hii peke yake. "Waliopata vitamini na waliopata mafuta," alisema, "wameugua karibu sawa. Tofauti ni ndogo mno kujivunia. Huenda inamfaa yule ambaye mwili wake umepungukiwa sana. Lakini si ngao. Siwezi kuwadanganya."

"Na mdogo wangu?" aliuliza Mama Kokoto. "Yeye alikuwa anameza nini?"

Daktari alisita. "Mafuta, mama. Mafuta ya kawaida."

Mama Kokoto alisogeza kikombe chake pembeni.

"Na mimi?"

"Vitamini."

Mama Kokoto aliishika ile meza ndefu ukingoni akaipindua. Vikombe, birika, mikate, vyote vilikwenda chini kwa mvumo mmoja. Mdogo wake alikabwa kwa ajili ya mafuta! Alitolewa ulimi kwa ajili ya mafuta ya kukaangia! Alimwendea daktari, na daktari hakukimbia, alisimama tu amefumba macho. Mama Kokoto akasimama mbele yake, ngumi zimekunjwa, kifua kinapanda na kushuka.

"Ningempa changu," alisema.

"Huenda kisingebadilisha kitu, mama."

"Huenda. Lakini ningempa."

Akageuka, akapiga magoti kwa taabu, akaanza kuokota vigae. Daktari akainama akaokota naye.

Afande alirudishwa kutoka hospitali kwenye kiti cha magurudumu. Nyonga ilifungwa vyuma, figo zilikuwa nusu ya figo, akili zilikuwa zimerudi, na pengine hilo ndilo lililokuwa adhabu kubwa. Waliolala sana kitandani hawachelewi kushikwa na kichomi, naye kilimshika. Asubuhi moja walimwacha uani, karibu na ukuta, nesi akaingia ndani kuchukua dawa. Makohozi yakamkaba. Mama Kokoto, aliyekuwa akianika shuka, alimwona akishika hewa kwa vidole, macho yamemtoka, midomo inageuka buluu.

Alisimama na shuka mkononi. Hakukuwa na mtu mwingine. Hakuwa na haja ya kufanya lolote, wala kuinua kidole. Angeendelea tu kuanika.

Afande alimtazama. "Naogopa," alisema, au midomo yake ilisema. "Kuzama... nchi kavu."

Mama Kokoto alitukana, tusi zito la machimboni ambalo hakuwa amelitamka tangu ujana. Akaliacha shuka lianguke. Akamkamata ukosi, akamwinamisha mbele, akakunja kiganja, akampiga mgongoni. Alimpiga chini kupanda juu, kama alivyofundishwa, ila kwa nguvu ambayo hakufundishwa, na kila pigo lilitoa mwangwi ukutani.

Nesi alitoka mbio. "Polepole, Mama Kokoto! Unamtibu au unamuua?"

"Vyote viwili," alisema, na hakuacha. "Kimoja kitashinda."

Donge la kijani lilitoka, kubwa, na nyuma yake hewa ikaingia kwa mlio. Afande alining'inia kwenye kiti analia, kamasi na machozi pamoja.

"Sijakusamehe," Mama Kokoto alimwambia.

"Sijaomba," alisema Afande.

"Basi kohoa."

Aliendelea kumpigapiga hivyo kila asubuhi mpaka kifua kikasafika. Hawakuongea. Afande aliishi hadi mvua zilizofuata, figo zikamchukua, na kwenye mazishi watu walikuwa wachache, ila Mama Kokoto alikwenda akasimama nyuma. Aliporudi, binti alikuwa amekuja, ana likizo ndefu na chumba cha ziada nyumbani. Mama Kokoto akahamia kwake. Kifua kina siku zake nzuri na mbaya. Wanagombana sana siku hizi, yeye na binti, juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya nani kaacha taa, kwa sauti za juu kabisa, na majirani wakilalamika, wote wawili wanatoka nje kuwajibu.